Mwendokasi: Kasi Haitoki Katika Injini

Maoni kutoka Kanga, Mafia

Jina la Mabasi Yaendayo Haraka ya jiji la Dar es Salaam, ambayo wananchi wameyapa jina fupi la mwendokasi, limewafanya watu wengi waamini jambo ambalo si kweli. Wanadhani kwamba mabasi hayo huwahi kufika kwa kuwa yana injini zenye nguvu kuliko daladala, au kwa kuwa madereva wake wameruhusiwa kukimbia kuliko madereva wengine. Ukiliuliza swali hili katika darasa la sekondari, wanafunzi wengi watakujibu hivyo hivyo, na si ajabu, maana jina lenyewe linawaongoza huko.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasi ya safari ya mjini hutokana na kupunguzwa kwa kusubiri: kusubiri basi lije, kusubiri abiria wapande, kusubiri magari mengine yapishe njia. Kusubiri huko kunaweza kupimwa na kukokotolewa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazo tayari katika daftari lake. Na maadamu kunaweza kupimwa, hapana sababu ya kuacha kukupima na kuwatangazia wananchi matokeo yake.

Kanga inahusikaje?

Huenda msomaji akashangaa kuona suala la mabasi ya jijini likijadiliwa kutoka Kanga, kijiji kilichoko kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, ambako hakuna hata taa moja ya kuongozea magari. Ziko sababu tatu.

Ya kwanza ni safari. Mtu wa Kanga anayekwenda Dar es Salaam kwa njia ya kawaida husafiri kwanza mpaka Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Hapo hupanda boti na kuvuka mpaka Nyamisati, upande wa bara, katika wilaya ya Kibiti. Kutoka Nyamisati hupanda gari mpaka barabara kuu ya Kilwa, na kuelekea kaskazini kupita Mkuranga. Lango lake la kuingilia jijini ni Mbagala, na Mbagala ndiko inakoishia awamu ya pili ya barabara za mabasi yaendayo haraka. Kwa hiyo mgonjwa anayepelekwa Muhimbili kutoka Mafia na mwanafunzi anayekwenda chuoni wana haja na mabasi hayo kama mkazi wa jiji.

Ya pili ni gharama. Awamu ya kwanza ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ya pili kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Deni la taifa hulipwa na taifa zima. Mkulima wa nazi na mvuvi wa pweza wanaponunua sabuni dukani, kodi waliyolipa inaingia katika hazina ile ile inayolipa madeni hayo. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza alichonunua, hata kama anaishi mbali na duka.

Ya tatu ni kwamba watu wa visiwani wana elimu ya kusubiri. Boti za Nyamisati hupita katika mlango wa maji uliozungukwa na mikoko, na kwa sababu ya kina kidogo cha maji, saa za safari hufuata kujaa na kupwa. Baina ya maji kujaa na kujaa tena hupita takribani saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mvuvi wa Kanga haijui fomula ya jambo hilo, lakini anajua leo maji yatajaa saa ngapi, na kesho saa ngapi, na siku ya bamvua yatapanda mpaka wapi. Anasubiri, lakini anajua anasubiri nini na mpaka lini. Kwa hiyo wakati wa kusubiri kwake haupotei bure: atashona nyavu, atapalilia, atalala. Tofauti hii baina ya kusubiri kwenye mwisho unaojulikana na kusubiri kusikokuwa na mwisho ndiyo kiini cha hoja ninayotaka kuieleza.

Jinsi wazo lilivyofika Dar es Salaam

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Mjini Curitiba, nchini Brazili, chini ya Meya Jaime Lerner ambaye kazi yake ya asili ilikuwa usanifu wa majengo, mabasi yalianza kupita katika njia zilizotengwa kwa ajili yake peke yake. Curitiba haikuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi. Wataalamu wake wakajiuliza: ni nini hasa kinachoipa treni ya mjini sifa yake? Wakaona kwamba treni ina njia yake yenyewe, tiketi hukatwa kabla ya kupanda, jukwaa la kituo liko usawa mmoja na sakafu ya behewa, na milango ni mingi. Mambo hayo yote yanaweza kupewa basi. Hawakuyapata yote kwa siku moja. Vituo vyao maarufu vyenye umbo la bomba vilikuja mwaka 1991. Mji wa Bogotá, Kolombia, ukaufuata mfano huo mwaka 2000, Lagos mwaka 2008, na Johannesburg mwaka 2009.

Mwaka huo huo wa 1974 ndipo lilipoundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Wakazi wa jiji wenye umri mkubwa wanayakumbuka mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati. Basi refu, basi, si kitu kigeni Dar es Salaam. Lakini mabasi yale yalipita katika barabara moja na magari mengine yote, abiria walilipa wakiwa ndani, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Jiji likakua kuliko shirika lake. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Pengo hilo lilijazwa na mabasi madogo ya watu binafsi, ambayo yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983 na kupewa jina la daladala, kutokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli yake.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka uliundwa mwaka 2007, ujenzi ukaanza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria mwezi Mei, 2016. Awamu hiyo ya kwanza ina urefu wa kilometa 20.9: kutoka Kimara kupitia barabara ya Morogoro mpaka Kivukoni, pamoja na tawi la Kariakoo mpaka Gerezani na tawi la Morocco kwa barabara ya Kawawa. Mwanafunzi alilipa shilingi 200, na hakuwa tena na haja ya kumbembeleza utingo amkubalie kupanda. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi hiyo, na kwa haki.

Hesabu ya kituo hadi kituo

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme vituo viwili vimeachana kwa mita 600, na basi linaongeza mwendo kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Tuseme tena kwamba dereva hazidi kilometa 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde.

Ili kufikia mwendo huo, basi litatumia sekunde kama 14 na kwenda mita 97. Kusimama kutachukua sekunde 14 nyingine na mita 97 nyingine. Mita 406 zilizobaki zitakwenda kwa sekunde 29. Jumla ni sekunde 57.

Tumpe dereva injini yenye nguvu na ruhusa ya kukimbia kilometa 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, ila mchapuko ubaki ule ule, maana abiria waliosimama hawawezi kustahimili zaidi. Sasa litahitaji sekunde 22 na mita 247 kufikia mwendo huo, na vivyo hivyo kusimama. Zitabaki mita 106 tu, ambazo litazimaliza kwa chini ya sekunde 5. Jumla ni sekunde 49.

Tumepata nini? Sekunde 8. Na tumelipa nini? Nishati-mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo nishati ambayo injini inalipa basi na breki kuiteketeza katika kila kituo imezidi mara mbili na nusu. Mtoto akikatiza barabara, umbali wa kulisimamisha basi nao umezidi kwa kiasi hicho hicho.

Tutazame sasa mlangoni. Abiria 30 wanataka kupanda. Katika basi lenye mlango mmoja na ngazi, kila abiria akipanda ngazi na kulipa kwa sekunde 3, kazi hiyo itachukua sekunde 90. Katika basi lenye milango mitatu, sakafu iliyo usawa wa jukwaa, na tiketi iliyokwisha kukatwa, kila abiria akitumia sekunde 1, kazi ile ile itamalizika kwa sekunde 10. Tumeokoa sekunde 80, bila kuongeza hata tone moja la mafuta.

Kwa hiyo jukwaa la saruji na mashine ya tiketi vimeongeza kasi ya safari mara kumi kuliko injini. Yeyote aliyewahi kutazama mizigo ikishushwa katika jahazi anaijua kanuni hii: chombo hakichelewi baharini, huchelewa gatini.

Njia tupu ni shamba lisilolimwa

Sehemu ya pili ya elimu hii ni ya uwezo wa njia. Safu moja ya barabara nzuri isiyo na vizuizi hupitisha magari madogo yapatayo 2,000 kwa saa. Kila gari likiwa na watu 1.5 kwa wastani, hao ni watu 3,000. Basi refu la mita 18 huchukua abiria wapatao 150. Yakipita mabasi 60 kwa saa, yaani moja kila dakika, safu ile ile itapitisha watu 9,000. Hii ndiyo hoja iliyotufanya tuchukue sehemu ya katikati ya barabara ya Morogoro na kuyakabidhi mabasi peke yake, na ni hoja ya haki: barabara ni ya watu, na watu wengi wapewe nafasi kubwa.

Lakini hoja hiyo ina sharti, na sharti lenyewe aghalabu husahauliwa. Yakipita mabasi 20 kwa saa, watu watakuwa 3,000, sawasawa na magari madogo. Yakipita 12, watu watakuwa 1,800 tu. Hapo mwenye gari aliyekwama kwenye foleni ya pembeni, akiitazama njia tupu, ana haki ya kunung'unika, na abiria aliyesongwa kituoni ana haki zaidi yake.

Idadi ya mabasi yanayohitajika haifichiki. Chukua muda wa basi kwenda na kurudi, ugawe kwa muda uliokusudiwa baina ya basi na basi. Kutoka Kimara mpaka Kivukoni ni kama kilometa 16. Kwenda na kurudi ni 32. Kwa wastani wa kilometa 24 kwa saa, pamoja na vituo, safari itachukua dakika 80. Ongeza dakika 10 za kupumzika, zitakuwa 90. Ukitaka basi kila dakika 3, unahitaji mabasi 30 barabarani. Ukitaka moja kila dakika, unahitaji 90. Na njia ikivamiwa na pikipiki, bajaji na magari ya wakubwa hata wastani ukashuka kuwa kilometa 16 kwa saa, safari inakuwa dakika 130, na kwa huduma ile ile ya kila dakika 3 sasa unahitaji mabasi 44. Anayepita katika njia ya mabasi bila ruhusa amewaibia abiria mabasi 14, ingawa hakuyagusa.

Awamu ya kwanza ilianza na mabasi 140 ya huduma ya mpito, ilhali mpango wake kamili ulikadiria mabasi 305. Mabasi nayo huchakaa. Linalokosa kipuri hubaki karakanani na linaendelea kuhesabiwa katika vitabu. Barabara ya awamu ya pili, yenye urefu wa kilometa 20.3, ilikaa bila mabasi muda mrefu baada ya saruji yake kukauka. Huduma ya Mbagala ilikuja kuanza mwaka 2025. Na mwaka huo huo hasira za abiria wa njia ya Kimara, waliochoshwa na kusubiri, zilifikia hatua ya kupiga mabasi mawe, na baadhi ya mabasi yaliyoletwa kwa ajili ya Mbagala yakahamishiwa Kimara. Siungi mkono kuvunja mali ya umma, kwa maana basi lililovunjwa kioo leo ni kusubiri zaidi kesho. Ila mwanasayansi anapoona chungu kimefurika, hatosheki kukilaumu chungu. Hutazama na moto.

Kitendawili cha kusubiri

Liko jambo jingine ambalo wanafunzi hulifurahia sana, kwa sababu mwanzoni huonekana kama mazingaombwe. Tuseme kituoni hupita mabasi 6 kwa saa, kila baada ya dakika 10. Abiria anayefika wakati wowote atasubiri dakika 5 kwa wastani. Sasa tuseme mabasi ni yale yale 6, ila yanapishana kwa dakika 5, halafu 15, halafu 5, halafu 15. Wastani wa muda baina ya basi na basi bado ni dakika 10. Je, wastani wa kusubiri bado ni dakika 5?

La. Katika kila dakika 20, pengo refu linachukua dakika 15. Kwa hiyo abiria watatu kati ya wanne huangukia katika pengo refu, na hao husubiri dakika 7.5 kwa wastani. Mmoja tu ndiye anayeangukia pengo fupi na kusubiri dakika 2.5. Wastani wa wote wanne ni dakika 6.25. Na mabasi yakifuatana mawili mawili kila dakika 20, wastani unafika dakika 10, mara mbili ya ule wa kwanza. Idadi ya mabasi haikubadilika, madereva ni wale wale, mafuta ni yale yale; kilichopotea ni mpangilio.

Na mpangilio hupotea wenyewe usipolindwa. Basi likichelewa kidogo, litakuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapakia kutalichelewesha zaidi. Kituo kinachofuata litakuta wengi zaidi tena. Basi la nyuma yake litakuta wachache, litapakia upesi, na mwishowe litalifikia la mbele. Ndiyo maana abiria husubiri muda mrefu, kisha huona mabasi mawili yakija yameongozana, la mbele limeshona na la nyuma lina viti vitupu. Wengi hudhani huo ni uzembe wa madereva. Huenda uzembe upo, lakini hata madereva wote wakiwa waaminifu, jambo hili litatokea isipokuwa pawe na chumba cha kuongozea kinachojua kila basi liko wapi, chenye mamlaka ya kulizuia moja dakika mbili ili kulilinda pengo.

Kutokana na hesabu hii tunapata jambo kubwa. Takwimu inayosema kwamba mabasi kadhaa yalitoka karakanani leo haitoshi. Hata takwimu ya wastani wa muda baina ya basi na basi haitoshi. Kipimo cha haki ni kile kinachochukuliwa upande wa abiria: mtu aliyefika kituoni alisubiri muda gani, na kati ya watu kumi, wangapi walisubiri zaidi ya dakika kumi.

Mnyororo na pete yake dhaifu

Barabara ya Morogoro hukatiza bonde la mto Msimbazi pale Jangwani, na karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde hilo hilo. Mvua kubwa zinaponyesha, mto hurudi katika ardhi yake; barabara hufungwa na mabasi husimama. Mwaka 2018 mafuriko yaliharibu mabasi kadhaa yakiwa yameegeshwa. Jiografia ya kidato cha kwanza inafundisha kwamba bonde la mafuriko ni sehemu ya mto, hata miezi ambayo halina maji. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, pamoja na daraja la juu zaidi pale Jangwani, umekusudiwa kurekebisha jambo hilo. Somo linabaki: kilometa 20 za njia bora zinaweza kufungwa na mita mia chache zilizowekwa mahali pasipostahili.

Yanayopasa kufanywa

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuachana na mabasi haya na kurudi katika daladala, kwa kuwa daladala huenda kila mtaa. Ni kweli kwamba daladala inafika mahali pengi, na itaendelea kuhitajika katika njia ndogo zinazolisha njia kuu. Lakini daladala huondoka ikijaa. Maana yake ni kwamba hasara yote ya kutokuwa na uhakika amebebeshwa abiria. Kuiacha njia kuu kwa utaratibu huo ni kuamua kwamba wakati wa mfanyakazi, wa mama mwenye mtoto mgonjwa na wa mwanafunzi hauna thamani. Maoni yangu ni kwamba mfumo huu ni mzuri na unastahili kulindwa, na kuulinda ni kuudai ufanye kazi kama ulivyochorwa.

Kwanza, muda wa kusubiri upimwe katika kila kituo, asubuhi na jioni, na matokeo yabandikwe kituoni kila mwezi. Tiketi za kielektroniki na vifaa vya kutambua mahali basi lilipo vinaifanya kazi hiyo iwezekane kwa gharama ndogo.

Pili, pasifunguliwe njia mpya bila mabasi yake, karakana yake, mafundi wake na vipuri vyake. Saruji pekee si usafiri.

Tatu, njia ya mabasi iheshimiwe na kila mtu, pamoja na wenye vyeo.

Nne, na hili nalisema kwa ajili ya Mafia, uhakika huo usikome Mbagala. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji hukokotolewa mwaka mzima kabla. Saa za boti za Nyamisati, kwa hiyo, zinaweza kujulikana mapema, na magari ya kwenda Mbagala yakapangwa kuzifuata. Mgonjwa anayeteremka Nyamisati usiku asibahatishe gari kwa sababu tu hapana aliyeketi kuyalinganisha majedwali mawili. Kazi hiyo haihitaji mkopo. Inahitaji karatasi, kalamu na nia.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Walimu wa hisabati na fizikia wasingoje kitabu kipya ili kulifundisha jambo hili. Shule ya mjini iwapeleke wanafunzi kituoni na saa, waandike dakika ya kila basi lililopita kwa muda wa saa moja, kisha wakokotoe wastani wa pengo na wastani wa kusubiri, na wauone mwenyewe ule mwanya baina ya hesabu hizo mbili. Shule isiyo na mabasi haikukosa kitu. Huku kwetu wanafunzi wanaweza kupima foleni ya bomba la maji: ndoo ngapi, bomba ngapi, sekunde ngapi kwa ndoo. Wanaweza kuandika saa za magari yanayoondoka kwenda Kilindoni kwa wiki mbili, na kuzichora katika grafu moja na saa za maji kujaa. Waulizwe ni ipi kati ya mistari hiyo miwili inayoweza kutabiriwa, na kwa nini.

Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo atagundua kwamba bahari, pamoja na ukubwa wake, inatimiza ahadi zake kwa dakika, na kwamba vyombo vilivyotengenezwa na binadamu ndivyo visivyojulikana saa yake. Siku atakapovuka na kufika Mbagala, hatakuwa mgeni wa kushangaa urefu wa basi. Atatazama saa yake, atahesabu dakika, na atajua kama taifa limepata kile lililolipia.